Mtumbwi ukivuka mto: kulenga ni kitu kimoja, kufika ni kingine

Pua ya mtumbwi inatazama mwembe ulioko ng'ambo. Mpiga kasia hapindi, hapumziki, kasia linaingia majini kwa mpigo uleule. Sekunde 100 baadaye mtumbwi unagusa ukingo. Mwembe uko wapi? Uko kulee juu, mita 90 kutoka pale aliposhukia.

Hakukosea kulenga. Muda wote alipokuwa anavuka, maji nayo yalikuwa yanamteremsha.

Wanaoishi kando ya Rufiji, Kilombero, Ruvuma au Tana hawahitaji kuambiwa hili. Wanaolihitaji ni wanafunzi. Kwa miaka mingi mwendo wa kulinganisha umekaa ndani ya mada ya vekta katika Fizikia ya kidato cha tatu Tanzania, na vekta zikarudi tena kwenye Hisabati ya kidato cha nne. Swali la mtumbwi na mto ndilo wengi wanalochemka, hata wale wanaojua kukokotoa vizuri. Sababu yake si ugumu wa hesabu. Ni kuchanganya maswali mawili yanayofanana sura lakini majibu yake ni tofauti kabisa.

Kasi ya nini, kwa kutazama nini?

Kondakta anatembea ndani ya basi la mkoani kuelekea nyuma, kukusanya nauli. Anatembea kilomita 4 kwa saa. Basi linakwenda mbele kilomita 80 kwa saa. Abiria aliyekaa anamwona kondakta akienda nyuma taratibu. Muuza mahindi aliyesimama barabarani anamwona kondakta huyohuyo akipita mbele yake kwa kilomita 76 kwa saa. Nani yuko sahihi? Wote wawili, kwa sababu kila mmoja anapima kutoka alipo yeye.

Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1632 kwa mfano wa merikebu: mtu aliyefungiwa chini ya sitaha, merikebu ikienda sawasawa bila kuyumba, hana namna ya kujua kama inakwenda au imesimama.

Mtoni kuna kasi tatu, na swali lolote la aina hii linaanza kwa kuzitenganisha. Ya kwanza ni kasi ya mtumbwi kwa maji, yaani kasi ambayo mtumbwi ungekuwa nayo kwenye bwawa lililotulia. Ya pili ni kasi ya maji kwa ukingo, ambayo ndiyo mkondo. Ya tatu ni kasi ya mtumbwi kwa ukingo, ile anayoiona mtu aliyesimama nchi kavu. Uhusiano wake ni huu:

kasi ya mtumbwi kwa ukingo = kasi ya mtumbwi kwa maji + kasi ya maji kwa ukingo

Neno "maji" linaishia kwenye kasi ya kwanza ya upande wa kulia na kuanza kwenye ya pili, kisha linapotea kwenye jibu. Likikataa kupotea, kuna kitu kimepangwa vibaya. Ni ukaguzi wa sekunde tano unaookoa maksi nyingi.

Alama ya kujumlisha hapo ndiyo yenye mtego. Kasi hizi zina mwelekeo (vitabu huziita velositi), kwa hiyo 1.5 na 0.9 zikijumlishwa si lazima zitoe 2.4. Zinatoa 2.4 mtumbwi ukishuka na maji. Ukipanda dhidi ya maji zinatoa 0.6. Ukielekeza pua ng'ambo moja kwa moja zinatoa 1.75. Kasi ni zilezile mbili, majibu ni matatu.

Kupanda na kushuka

Sehemu hii ni rahisi. Boti lenye kasi ya kilomita 12 kwa saa kwenye maji tulivu liko kwenye mto wa kilomita 3 kwa saa. Likishuka linapata 15, likipanda linabaki na 9. Safari ya kilomita 18 inachukua saa 1 na dakika 12 kushuka, na saa 2 kupanda. Jumla ni saa 3 na dakika 12.

Wengi hudhani mkondo unajilipa: unachukua wakati wa kupanda, unarudisha wakati wa kushuka. Si kweli. Bila mkondo, kilomita 36 za kwenda na kurudi zingechukua saa 3 kamili. Zile dakika 12 zimepotea, kwa sababu boti linakaa muda mrefu zaidi pale ambapo maji yanalipinga.

Swali likija kinyume, yaani ukipewa kasi ya kupanda na ya kushuka, kasi ya boti lenyewe ni wastani wa hizo mbili, na mkondo ni nusu ya tofauti yake. (15 + 9) ÷ 2 = 12. (15 − 9) ÷ 2 = 3. Imeisha.

Kuvuka: swali la kwanza ni muda mfupi

Sasa turudi kwenye mwembe. Mto una upana wa mita 150. Mtumbwi unakwenda mita 1.5 kwa sekunde kwenye maji tulivu, mkondo ni mita 0.9 kwa sekunde. Mpiga kasia ameelekeza pua ng'ambo, pembe mraba na ukingo. Atachukua muda gani, na atashukia wapi?

Mkondo unakwenda sambamba na kingo. Haumsogezi karibu na ng'ambo hata kidogo, wala haumrudishi. Kazi yote ya kuvuka inafanywa na kasia. Kwa hiyo muda ni 150 ÷ 1.5 = sekunde 100. Ndani ya sekunde hizo mkondo unamteremsha 0.9 × 100 = mita 90. Hesabu mbili tu, na hakuna Pithagorasi aliyehitajika.

Pithagorasi anaingia swali likitaka kasi anayoiona mtu wa ukingoni. Kasi mbili zimekutana kwa pembe mraba, hivyo ni kipeuo cha pili cha (1.5² + 0.9²), sawa na kipeuo cha pili cha 3.06, yaani karibu mita 1.75 kwa sekunde.

Na hapa ndipo maksi zinapomwagika. Mwanafunzi akishapata 1.75 anaona aitumie, anagawanya 150 kwa 1.75 na kupata sekunde 86. Jibu linapendeza, ila si sahihi. Kasi ya 1.75 ni ya njia ya mshazari, lakini mita 150 ni umbali wa kukata moja kwa moja. Njia ya mshazari ina urefu wa kipeuo cha pili cha (150² + 90²), karibu mita 175. Gawanya 175 kwa 1.75 na sekunde 100 zinarudi palepale. Kasi ya mshazari inagawanya umbali wa mshazari, na kasi ya kukata inagawanya umbali wa kukata.

Jambo linalowashangaza wengi: mkondo ukiwa 0.9 au 3, maadamu pua inatazama ng'ambo, muda unabaki sekunde 100. Kinachobadilika ni mahali pa kushukia. Na hakuna namna nyingine ya kuelekeza pua inayovusha haraka kuliko hii, kwa kuwa hapa nguvu yote ya kasia inatumika kukata mto.

Swali la pili ni kufika palepale

Labda chini ya mwembe ndipo penye gati, na mita 90 huko chini ni matete matupu. Mpiga kasia anataka kutua mwembeni. Inabidi aelekeze pua upande wa juu, ili sehemu ya kasi yake ipambane na mkondo na sehemu inayobaki imvushe.

Kasi ya 1.5 inagawanyika mara mbili. Sehemu inayopanda lazima iwe 0.9, sawasawa na mkondo, vifutane. Chora pembetatu mraba ambayo upande wake mrefu kuliko yote ni 1.5 na upande mmoja mfupi ni 0.9. Upande uliobaki ni kipeuo cha pili cha (2.25 − 0.81), yaani kipeuo cha pili cha 1.44, ambacho ni 1.2. Hiyo ndiyo kasi halisi ya kuvuka. Muda ni 150 ÷ 1.2 = sekunde 125.

Pembe: sini yake ni 0.9 ÷ 1.5 = 0.6, na kikokotoo kinasema nyuzi 36.9 kutoka kwenye mstari wa kukata mto, kuelekea juu. Ukipima kutoka ukingoni, pembe hiyohiyo ni nyuzi 53.1. Kuandika "nyuzi 36.9" peke yake bila kusema zimepimwa kutoka wapi ni kumwachia msahihishaji abahatishe, na wasahihishaji hawapendi kubahatisha.

Kuna mtego wa pili hapa, wa kijanja zaidi. Kwenye swali la kwanza mtumbwi ulikengeuka kwa pembe ambayo tanjenti yake ni 0.9 ÷ 1.5, sawa na nyuzi 31. Mtu anafikiri: kama maji yananipeleka nyuzi 31 chini, basi nigeuze pua nyuzi 31 juu, mambo yatakuwa sawa. Hayawi sawa. Akifanya hivyo anatua mita 15 chini ya mwembe. Kwenye swali la kwanza 1.5 ilikuwa upande mfupi wa pembetatu. Kwenye la pili ndiyo upande mrefu kuliko yote. Pembetatu si ileile, ndiyo maana kule ni tanjenti na huku ni sini.

Kabla ya kuandika chochote, basi, swali lisomwe kwa makini. "Kwa muda mfupi kabisa" ni pua ng'ambo, sekunde 100, na kushukia mita 90 chini. "Kwa njia fupi kabisa" au "atue mkabala na alipoanzia" ni pua juu, sekunde 125, na kushukia palepale. Sekunde 25 za ziada ndiyo bei ya kuepuka matete.

Mto ukiwa na nguvu kuliko kasia

Masika yameshika, mkondo umefika mita 2.5 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 9 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia (mita kwa sekunde zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa). Mtumbwi bado ni 1.5. Atue vipi mwembeni?

Hatui. Sini ya pembe ingetakiwa iwe 2.5 ÷ 1.5, yaani 1.67, na sini haivuki 1. Kikokotoo kitaandika kosa. Watu wengine hukipiga kofi wakidhani kimeharibika, kumbe kimetoa jibu: njia hiyo haipo. Hata akielekeza pua juu kabisa, mto unamshusha kwa mita 1 kila sekunde.

Kuvuka bado inawezekana. Kinachobaki ni kupunguza mteremko, na pembe nzuri kuliko zote inapatikana kwa kugeuza uwiano: sini ni 1.5 ÷ 2.5 = 0.6, zilezile nyuzi 36.9 kuelekea juu. Kasi ya kukata mto ni 1.2, muda ni sekunde 125. Kasi ya kupanda ni 0.9, mkondo ni 2.5, kwa hiyo anateremka mita 1.6 kila sekunde, jumla mita 200. Angeelekeza pua ng'ambo angevuka kwa sekunde 100 na kuteremka mita 250. Tofauti ya mita 50 inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kutua kwenye mchanga na kutua kwenye kona yenye miti iliyozama.

Kwa boti la injini hesabu hii ina sura mbaya zaidi. Injini ikizima katikati, kasi ya boti kwa maji inakuwa sifuri, na kasi kwa ukingo inakuwa ya mkondo wenyewe. Kila dakika ya kuhangaika na kamba ya kuwashia ni mita 150 kuelekea chini. Ndiyo maana kasia la akiba ndani ya boti la injini si mzigo.

Dumu lililoanguka

Kuna swali moja la zamani ambalo linaonyesha faida ya kuchagua pa kusimama. Boti linapanda mto. Dumu tupu linaanguka majini bila mtu kuona. Baada ya dakika 10 wanagundua, wanageuza papo hapo na kulifuata kwa nguvu ileile ya injini. Wanalikuta kilomita 1 chini ya pale lilipoangukia. Mkondo ni kiasi gani?

Ukisimama ukingoni utaandika milinganyo miwili na kujaza nusu ukurasa. Ukikaa na dumu, mambo ni mepesi. Kwa dumu, maji yametulia, kwa sababu linaelea nayo. Boti lilikwenda mbali nalo kwa dakika 10, kwa hiyo linarudi kwa dakika 10. Jumla ni dakika 20, na ndani ya muda huo dumu limesafiri kilomita 1. Mkondo ni kilomita 3 kwa saa. Kasi ya boti haikutajwa kwenye swali, na haikuhitajika.

Mto wa kwenye daftari na mto wenyewe

Hesabu zote hizi zinachukulia mkondo ni mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Mto halisi hauko hivyo. Maji hukwama kwenye kingo na kitandani mwa mto, hivyo huenda kasi zaidi katikati, karibu na uso. Kwenye kona, upande wa nje ndio wenye kasi na kina. Upande wa ndani maji ni mapole na mchanga hutuama.

Wenye mitumbwi hulitumia hilo bila kulipa jina. Badala ya kupambana na mkondo katikati ya mto, mtu hupanda kwanza kwa pondo kando ya ukingo, ambako maji hayana nguvu, kisha anaelekeza pua ng'ambo na kuuachia mto umteremshe. Kwa mto wa mfano wetu angepanda mita 90, akavuka kwa sekunde 100, akatua mwembeni. Hata pale mkondo unapozidi kasia, mahali ambapo sini ilikataa, njia hii inafanya kazi: ni kupanda mita 250 tu, kama kingo zinaruhusu.

Kupima mkondo hakuhitaji chombo maalumu. Kwa ukingoni, pima mita 20 kwa hatua, weka alama mbili. Mmoja arushe kipande cha mti juu kidogo ya alama ya kwanza, mwingine awe na simu, afungue saa ya kuhesabu sekunde. Mti ukitumia sekunde 25, mkondo ni 20 ÷ 25 = mita 0.8 kwa sekunde. Rudia mara tatu uchukue wastani. Mti ukirushwa karibu utapima maji ya ukingoni, ambayo ni ya polepole. Ya katikati yatakuwa na kasi zaidi. Na vipimo hivi vifanyike nchi kavu, kwani Rufiji ina viboko na mamba wasiojali kama aliyeko majini ni mwanafunzi wa Fizikia.

Hesabu ileile, nje ya mto

Rubani anayekatishwa na upepo wa ubavuni anafanya kazi ya mpiga kasia: anageuza pua ya ndege kuelekea unakotoka upepo ili njia juu ya ardhi inyooke.

Mwaka 1887, Albert Michelson na Edward Morley, wakiwa Cleveland, Marekani, waliitumia kwa mwanga. Wakati ule wanasayansi waliamini mwanga unasafiri ndani ya kitu kisichoonekana kiitwacho etha, na Dunia ikikipita lazima kuwe na "mkondo" wake. Kwenye mto wetu, mita 150 kwenda ng'ambo moja kwa moja na kurudi huchukua sekunde 250. Mita 150 kushuka na kupanda huchukua sekunde 312.5. Walitafuta tofauti ya namna hiyo kati ya miale miwili ya mwanga. Waliyoitegemea hawakuiona. Mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kwamba mwanga hauna mkondo wa kuusubiri, na kwamba kujumlisha kasi kwa namna ya mtumbwi ni sahihi tu pale kasi zinapokuwa ndogo sana ukilinganisha na ya mwanga. Mitumbwi yote, na mabasi yote ya mkoani, yamo humo.

Magari yalivuka Rufiji kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Kigamboni na Likoni vivuko bado vinafanya kazi, ila huko hakuna mto, kuna bahari. Maji yanapojaa mkondo unaingia ndani, yanapokupwa unatoka nje, na mgeuko huo hutokea takriban kila saa sita. Kwenye hesabu, kinachogeuka ni upande wa kuelekeza pua. Katikati ya mgeuko kuna muda mfupi maji husimama, mkondo ni sifuri, na hapo kwa dakika chache anayelenga mwembe anafika mwembeni.